Mgema na Tembo Lake: Umaarufu, Hatia na Hadhira katika Filamu ya Liebe im Ring

Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji hutumiwa aghalabu kama onyo kwa anayesifiwa. Mwalimu humwambia mwanafunzi aliyeongoza darasa. Mzee humwambia kijana ambaye jina lake limeanza kusikika mjini. Ni mara chache mno ambapo huambiwa yule anayesifu. Hata hivyo, muundo wa methali yenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko mazoea hayo yanavyoruhusu. Kitenzi cha kwanza kimo katika kauli ya kutendwa: mgema anasifiwa, na msifu hatajwi. Kitenzi cha pili kimo katika hali ya mazoea, na mtenda wake ni mgema peke yake. Kisarufi, basi, wanywaji wametoweka. Walikuwako walipotoa sifa, nao watakuwako watakapolalamika kwamba tembo limezimuka, lakini katika kauli inayotoa hukumu hawaonekani. Aidha, kinachosifiwa ni tembo, si mgema. Sifa imetolewa kwa kazi, ikapokelewa na mtu, na katika kuhama huko ndimo upotovu unamoanzia.

Makala haya yanakusudia kulifuatilia swali hilo la nani atajwe na nani aachwe kwa kuichunguza filamu moja ya Kijerumani, Liebe im Ring, yaani Mapenzi Ulingoni, iliyoelekezwa na Reinhold Schünzel na kutolewa mwaka 1930. Ni filamu isiyoonyeshwa mara nyingi na isiyojulikana sana nje ya Ujerumani. Wapenzi wa sinema waujuao vyema mwaka huo huukumbuka zaidi kwa Der blaue Engel ya Josef von Sternberg, iliyotolewa katika majira yale yale, nayo pia ikimhusu mwanamume aliyepoteza dira kwa sababu ya mwanamke. Umuhimu wa Liebe im Ring hautokani na ubora wake wa kisanaa, ambao ni wa wastani. Unatokana na jambo moja: mhusika mkuu, bondia aitwaye Max, anaigizwa na bondia wa kweli, Max Schmeling, ambaye wakati huo alikuwa karibu sana na kilele cha sifa zake. Filamu inauliza iwapo umaarufu humbadilisha mtu, na chombo inachokitumia kuuliza ni mtu ambaye umaarufu huo ulikuwa ukimtokea mbele ya macho ya watu wote.

Msuko wake ni mwepesi. Max ni kijana wa watu wa kawaida. Ana mama, anayeigizwa na Frida Richard, na ana msichana ampendaye, Hilde, anayeigizwa na Renate Müller. Ngumi zake zinamwinua, naye anajikuta katika vyumba ambavyo hakuzaliwa kuingia. Humo anakutana na Lilian, bibi wa tabaka la juu, anayeigizwa na Olga Tschechowa. Hilde anasahauliwa, mazoezi yanalegea, na katika pambano kubwa bondia anakaribia kuanguka kabla ya kujirudi, kushinda na kurejea kwa yule aliyempenda alipokuwa si mtu. Msomaji wa tamthilia na riwaya za aina nyingi atautambua msuko huu mara moja. Ni safari ya mwana mpotevu, isipokuwa hapa mwana anaporudi nyumbani anakuja na ushindi wake mkononi. Hakupoteza chochote. Alichotakiwa kukitoa ni majuto tu, nayo majuto hayana bei kubwa kwa mtu aliyekwisha shinda.

Mgawanyo wa wanawake wawili katika filamu hii si pambo la kawaida. Ndiyo mbinu ambayo kwayo swali la kimaadili linafanywa kuwa rahisi. Hilde ndiye dhamiri, Lilian ndiye kishawishi, na bondia akiwa katikati anabaki kuwa mwili unaovutwa huku na huku. Matokeo yake ni kwamba umaarufu wenyewe hauchunguzwi. Umevalishwa gauni ukaitwa Lilian. Akimkataa Lilian, bondia anaonekana kuwa ameukataa umaarufu, ilhali ukweli ni kwamba ameubakiza wote: umati ungali unamshangilia, jina lake lingali midomoni mwa watu, na mkataba unaofuata unamngoja. Kilichoondoka ni mwanamke mmoja aliyebebeshwa lawama ya jambo ambalo hakulianzisha. Hii ni dosari ya kimaudhui, na ni dosari ambayo filamu za ngumi zimeirithishana kwa uaminifu wa ajabu hata baada ya miongo mingi.

Filamu yenyewe inajikwaa juu ya jambo hili katika wimbo wake. Schmeling anaimba kwa sauti yake mwenyewe wimbo uitwao Das Herz eines Boxers, yaani Moyo wa Bondia, ulioandikwa na Fritz Rotter na kutiwa muziki na Artur Guttmann. Fundisho la wimbo huo ni kwamba bondia hana nafasi ya mapenzi mengine mbele ya mchezo wake. Kama wimbo unasema kweli, basi Hilde hana nafasi bora kuliko Lilian, na mwisho mwema wa filamu ni uongo. Kama mwisho wa filamu ni wa kweli, basi wimbo ni majigambo matupu. Hapana ushahidi kwamba watengenezaji walilisumbukia jambo hili. Yamkini waliutaka wimbo kwa sababu sauti ilikuwa kitu kipya, na hadhira ya mwaka 1930 ilikuwa tayari kulipa ili kumsikia bondia akiimba, hata kama aimbavyo si vizuri. Schmeling hakuwa mwimbaji, na wimbo hauufichi ukweli huo.

Hapa ndipo methali inaporudi. Mtu huyu alisifiwa kwa ngumi. Alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Klein Luckow, mwana wa baharia, na ni baba yake aliyempeleka kuona filamu ya pambano la mwaka 1921 kati ya Jack Dempsey na Georges Carpentier. Picha hiyo ndiyo iliyompa hamu ya kuwa bondia. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1924, akawa bingwa wa Ulaya wa uzani wa chini kidogo ya ule wa juu mwaka 1927, kisha mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Marekani. Hayo ndiyo tembo. Lakini katika Berlin ya miaka hiyo sifa haikubaki kwenye tembo. George Grosz alimchora mwaka 1926, Rudolf Belling akamfinyanga mwaka 1929, na waandishi wa rika la Bertolt Brecht, ambaye mwenyewe alivutiwa sana na ngumi na kufanya kazi pamoja na bondia Paul Samson-Körner, waliuona ulingo kuwa ndio jukwaa ambalo tamthilia za siku hizo zilishindwa kuwa. Hatimaye sinema ikamtaka aimbe. Kila hatua ya safari hii ilikuwa ni hatua ya kuhama kutoka kwenye kazi kwenda kwenye mtu: kwanza ngumi, halafu mwili, halafu uso, halafu sauti, na mwisho moyo, ambao wimbo unadai kutufunulia. Haikuwa lazima mgema atie maji. Wanywaji walikwisha acha kuonja tembo, wakawa wanamwonja mgema.

Inafaa kudokezwa kwamba mwanamke ambaye Schmeling alimwoa mwaka 1933, mwigizaji Anny Ondra, alipatwa na kinyume cha mambo haya. Katika Blackmail ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1929, lafudhi yake ya Kicheki ilionekana haifai kwa filamu ya Kiingereza yenye sauti. Hivyo akawa anafungua mdomo mbele ya kamera huku mwigizaji mwingine, Joan Barry, akiyasema maneno pembeni. Teknolojia ile ile ilimpa mume sauti ambayo hakuwa na haja nayo, na ikamnyang'anya mke sauti aliyokuwa akiihitaji. Katika hali zote mbili uamuzi ulikuwa wa wale waliojua hadhira inataka nini.

Wanafalsafa walilitambua tatizo hili zamani kabla ya kamera. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anakataa kuihesabu heshima kuwa ndiyo lengo kuu la maisha ya binadamu, na sababu yake ni ya kimantiki kuliko ya kidini: heshima inakaa zaidi kwa wanaoitoa kuliko kwa anayeipokea, ilhali jema lililo kuu lazima liwe mali ya mtu mwenyewe, lisilonyakulika kwa urahisi. Rousseau, katika hotuba yake ya mwaka 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwepo kwa usawa, anakwenda mbali zaidi. Anawaza watu wa kale wakikusanyika mbele ya vibanda vyao kuimba na kucheza, kila mmoja akaanza kuwatazama wengine na kutaka kutazamwa. Aliyeimba vizuri, aliyekuwa na nguvu, aliyekuwa msemaji hodari, wakathaminiwa zaidi, na hapo ndipo anapouona mwanzo wa kiburi upande mmoja na wa aibu na husuda upande wa pili. Linalovutia katika maelezo ya Rousseau ni kwamba hamtengi mtazamaji na mtazamwa. Wote wawili wanaharibika kwa tendo moja. Liebe im Ring, kwa upande wake, ina mtazamwa tu. Umati umejaa ukumbini ukipiga kelele, lakini hakuna mtu katika umati huo ambaye filamu inamuuliza chochote.

Miezi michache baada ya filamu kutoka, maisha yaliandika maoni ambayo hakuna mtunzi ambaye angethubutu kuyaandika. Tarehe 12 Juni, 1930, katika uwanja wa Yankee Stadium mjini New York, Schmeling alipigana na Jack Sharkey kuwania ubingwa wa dunia wa uzani wa juu, uliokuwa wazi tangu Gene Tunney alipostaafu. Katika raundi ya nne Sharkey alimpiga chini ya mshipi. Schmeling alianguka, Sharkey akaondolewa kwa kuvunja sheria, na Mjerumani akawa bingwa wa dunia akiwa sakafuni akigaagaa kwa maumivu. Max wa kwenye filamu alishinda akiwa amesimama, baada ya kujishinda mwenyewe kwanza. Max wa kweli alipewa taji kwa kosa la mtu mwingine, na watu wengi, wakiwemo wananchi wenzake, walimdhihaki kwa ubingwa huo. Hoja ya Aristotle haingeweza kupata mfano ulio wazi zaidi. Heshima ilikuwa mkononi mwa mwamuzi na midomoni mwa watu. Bondia mwenyewe alikuwa na maumivu tu. Kwamba Schmeling aliutetea ubingwa huo kwa haki mwaka 1931 dhidi ya Young Stribling, kisha akaupoteza kwa Sharkey mwaka 1932 kwa uamuzi uliozua ubishi mkubwa, hayo yanaonyesha tu jinsi tembo na sifa ya tembo vinavyoweza kutembea kwenye njia mbili zisizokutana.

Filamu nyingine mbili za miaka hiyo zinasaidia kupima jambo hili. Mwaka 1933 Max Baer, aliyemshinda Schmeling mwezi Juni mwaka huo akiwa amevaa bukta yenye Nyota ya Daudi, aliigiza katika The Prizefighter and the Lady ya W. S. Van Dyke, pamoja na Myrna Loy. Msuko ni uleule: bondia anainuka, anaoa, anapumbazwa na sifa na wanawake, anaadhibiwa ulingoni. Utawala mpya wa Ujerumani uliipiga marufuku filamu hiyo kwa sababu mwigizaji wake alihesabiwa kuwa Myahudi. Katika kisa hiki bondia amevuka mipaka yote ya tabia njema ndani ya hadithi, na wala si hayo yaliyomponza. Kilichohukumiwa ni jina lake.

Mwaka 1938 ikatoka Spirit of Youth, filamu yenye waigizaji Weusi, ambamo Joe Louis aliigiza bondia aitwaye Joe Thomas, kijana anayeondoka nyumbani kuwasaidia wazazi wake, akapanda, akapotoshwa na mwimbaji wa klabu ya usiku, na mwishowe akaokolewa na kuwepo kwa msichana wa kwao kando ya ulingo. Kwa mtazamo wa juujuu ni Liebe im Ring iliyotafsiriwa. Lakini katika maisha yake halisi Louis hakuwa na ruhusa ya kupotoka hadharani namna ile. Mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, walimpa masharti yaliyojulikana sana: asipigwe picha akiwa na mwanamke Mzungu, asifurahie kuanguka kwa mpinzani wake, na mengineyo ya aina hiyo. Kumbukumbu ya Jack Johnson, bingwa wa kwanza Mweusi wa uzani wa juu aliyehukumiwa mahakamani mwaka 1913 kwa sababu ya uhusiano wake na wanawake wa Kizungu, ilikuwa bado mbichi. Kosa la Max wa Berlin ni la Max. Kosa la Louis lingehesabiwa kuwa la watu wake wote. Swali la iwapo umaarufu umembadilisha mtu, basi, si swali linaloulizwa kwa watu wote kwa namna moja. Wako walioruhusiwa kubadilika, wakasamehewa, na kisa chao kikaitwa cha kusisimua. Wako ambao walitakiwa wawe wamekwisha badilika kabla hawajaanza.

Pambano la kwanza la Schmeling na Louis, tarehe 19 Juni, 1936, linaleta filamu ya tatu, nayo si ya kubuni. Schmeling alikuwa amejifunza mtindo wa Louis kwa kumtazama akipigana na kwa kuzitazama filamu za mapambano yake, akagundua kwamba mpinzani wake huushusha mkono wa kushoto baada ya kurusha ngumi. Utazamaji wa aina hii unastahili kusifiwa na wahakiki. Ni wa mtu anayemtazama mwenzake ili aone kilichopo, si ili aone anachokitaka. Katika raundi ya 12 alimwangusha Louis, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameshindwa na mtu katika ngumi za kulipwa. Kazi yake ilikuwa safi. Tembo halikuwa na tone la maji.

Ndipo filamu ya pambano hilo ilipochukuliwa na kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Ujerumani kwa jina la Max Schmelings Sieg – ein deutscher Sieg, yaani kwamba ushindi wa Max Schmeling ni ushindi wa Ujerumani. Kistari kilichomo katikati ya maneno hayo kinafanya kazi kubwa kuliko ngumi zote za raundi 12. Upande mmoja kuna mtu na alichokifanya. Upande wa pili kuna dola na inachokitaka. Na kati yao hakuna kitenzi. Hakuna aliyetenda. Ni ile kauli ya methali iliyogeuzwa: kule msifu alifichwa ili lawama imfikie mgema, huku mgema anafichwa ili sifa imfikie msifu. Hakuna Lilian katika filamu hii, wala kulegea kwa mazoezi, wala usahaulifu wa nyumbani. Kwa kipimo cha Liebe im Ring, bondia huyu hakubadilika hata kidogo. Alikataa kumwacha meneja wake Myahudi, Joe Jacobs, ingawa alishinikizwa, wala hakujiunga na chama kilichotawala. Hata hivyo jina lake lilikuwa limegeuka kuwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakikuwa mkononi mwake.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inamtwika bondia mzigo wa mwanafalsafa. Mgema hawezi kuulizwa kila mnywaji amefanya nini baada ya kulewa. Pingamizi hilo lina nguvu, na sehemu yake lazima ikubaliwe: Schmeling hakuitengeneza filamu ya mwaka 1936, wala hakuutunga kistari kile. Lakini halitoshi. Mwishoni mwa mwaka 1935, mabishano yalipokuwa makali nchini Marekani kuhusu kususia michezo ya Olimpiki ya Berlin, ni Schmeling aliyebeba ujumbe wa maofisa wa michezo wa Ujerumani kwenda kwa Avery Brundage, ukiahidi kwamba wanamichezo Weusi na Wayahudi watatendewa haki. Baadaye sana alikiri kwamba huo ulikuwa upumbavu wa mtu asiyejua siasa. Huenda ulikuwa hivyo. Lakini hapa jina halikuchukuliwa na wengine. Lilitolewa kwa mkono wa mwenyewe, na lilikuwa na uzito kwa sababu tu ya sifa alizozipata kwa ngumi. Kama kuna mahali ambapo mgema huyu alilitia tembo maji, ni hapa, katika barua iliyopelekwa kwa adabu na mtu aliyevaa suti, wala si kitandani kwa Lilian. Filamu ya mwaka 1930 ilimfundisha yeye na hadhira yake kuogopa kishawishi ambacho si chenyewe. Iliwafundisha kuutafuta upotovu katika mapenzi, na hivyo kutouona katika hisani.

Ni muhimu kutofautisha, kwa hiyo, baina ya kubadilishwa na umaarufu na kuwajibika kwa umaarufu. La kwanza ni swali la hulka, na filamu za ngumi huliuliza kwa sababu lina machozi na lina mwisho. La pili halina mwisho mzuri wa kuonyeshwa. Mtu maarufu huishi na kivuli kinachotembea bila yeye, kinachoingia nyumba ambazo hajaalikwa na kutia sahihi karatasi ambazo hajazisoma. Hawezi kukizuia kila mahali. Anachoweza ni kutojifanya kwamba kivuli si chake pale anapokiona kinafanya kazi. Kipimo hiki ni kikali, na ni haki kuuliza iwapo waliokaa kimya wakiwa hawana umaarufu wowote wanapimwa kwacho. Jibu ni kwamba wanapimwa, lakini kwa mizani midogo zaidi, kwa kuwa kimya chao hakikuuza chochote.

Majaliwa ya wale walioshiriki katika Liebe im Ring yanaonyesha jinsi mizani hizo zilivyotofautiana. Schünzel, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka 1937 na kwenda Hollywood. Renate Müller alikufa mwaka huo huo, akiwa bado kijana, baada ya kuanguka kutoka dirishani. Olga Tschechowa aliendelea kuwa nyota chini ya utawala ule. Naye Kurt Gerron, aliyemo katika filamu hii na katika Der blaue Engel pia, na ambaye Berlin yote ilimjua tangu alipoimba katika Die Dreigroschenoper mwaka 1928, alifungwa katika kambi ya Theresienstadt, ambako mwaka 1944 alilazimishwa kuelekeza filamu ya kuuonyesha ulimwengu kwamba wafungwa wa huko wanaishi vyema. Baada ya kazi hiyo alipelekwa Auschwitz akauawa. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na jina na alikuwa na ujuzi. Mhakiki anayetaka kuandika kuhusu umaarufu kama kishawishi cha starehe hana budi kusimama mbele ya Gerron, ambaye umaarufu wake haukumpa nafasi ya kuharibika wala ya kukataa.

Louis na Schmeling walikutana tena tarehe 22 Juni, 1938. Pambano lilichukua sekunde 124. Dola iliyokuwa imejitwalia ushindi wa kwanza haikutaka kuwa na sehemu katika kushindwa, na Schmeling akarudi kuwa bondia tu. Katika miaka ya uzee wake alisema kwamba kwa namna fulani aliushukuru mwisho huo, kwani kushinda kungemfanya kuwa shujaa wa watu ambao hakutaka kuwa shujaa wao. Ni kauli ya mtu aliyeelewa, ingawa kwa kuchelewa, kistari kile kilifanya nini.

Mwezi Novemba mwaka huo huo, masinagogi yalipokuwa yakichomwa na maduka ya Wayahudi yakivunjwa, rafiki mmoja wa Schmeling aliyekuwa Myahudi alimwomba awafiche wanawe wawili. Aliwachukua hadi kwenye vyumba vyake katika hoteli ya Excelsior mjini Berlin, akawaambia watumishi wa hoteli kwamba yu mgonjwa na hataki kuonana na mtu, akakaa nao ndani kwa siku kadhaa hadi walipoweza kuondoka salama. Umaarufu wake ndio uliofanya uongo huo uaminike, kwani hakuna aliyethubutu kuusukuma mlango wa Max Schmeling. Safari hii kivuli kilitumwa na mwenyewe. Tendo hilo haliifuti safari ya mwaka 1935, wala picha alizopigwa na watawala, na si kazi ya uhakiki kuyaweka mambo hayo kwenye mizani ili yalingane. Linalohusu makala haya ni kwamba tendo hilo halikuwa na hadhira. Halikuwa na kamera wala wimbo. Kwa miaka 51 Schmeling hakulitangaza. Aliyelisimulia ni mmoja wa wale watoto wawili, mjini Las Vegas, mwaka 1989, katika karamu ya kumheshimu Schmeling, naye Schmeling mwenyewe akiwa ameketi pale ukumbini, mzee wa zaidi ya miaka 80, akisikiliza akisifiwa.